Kabla Hujalaumu Mtandao: Jinsi Ninavyotafuta Chanzo cha Video Kukwama Nyumbani

Kwa miezi miwili nililipia kifurushi cha intaneti chenye kasi maradufu ya kile nilichokuwa nacho awali, nikiamini kwamba hiyo ndiyo dawa ya video zilizokuwa zikikwama kila jioni kwenye televisheni ya sebuleni. Kasi iliongezeka kweli, kwani simu yangu, nilipopima nikiwa nimeketi kwenye kochi, ilionyesha megabiti 60 kwa sekunde. Hata hivyo filamu iliendelea kusimama kila baada ya dakika chache, kiduara kikizunguka katikati ya skrini na watu wa nyumbani wakinitazama mimi badala ya filamu. Kumbe kosa lilikuwa nyuma ya televisheni. Kile kidubwasha cha kuletea video za mtandaoni, kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI (lile la kupokelea picha na sauti), kilikuwa kimebanwa kati ya ukuta na mgongo wa televisheni, mahali ambapo mawimbi ya Wi-Fi yalikifikia kwa shida, na kilikuwa kikivuta umeme kutoka tundu la USB la televisheni yenyewe. Nilinunua kebo fupi ya kukisogeza pembeni, nikakiwasha kwa adapta yake ambayo ilikuwa imelala ndani ya boksi tangu siku ya kwanza, na tatizo likaisha jioni ile ile. Mwezi uliofuata nikarudi kwenye kifurushi cha zamani.

Tangu hapo sinunui wala sibadilishi chochote kabla sijajua kasoro iko sehemu ipi ya njia ambayo video hupita: kwa mtoa huduma wa video, kwenye laini ya intaneti, kwenye Wi-Fi ya nyumbani, ndani ya kifaa, au kwenye kebo inayoelekea kwenye skrini. Mara nyingi namna video inavyoharibika hukuonyesha sehemu hiyo, ilimradi uitazame kwa utulivu badala ya kukimbilia rimoti.

Ili dalili zisomeke, ni vizuri kufahamu jinsi video inavyofika. Huduma nyingi za leo hutumia mitindo kama HLS, iliyoletwa na Apple mwaka 2009, au MPEG-DASH, iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012. Katika mitindo hii video hukatwa vipande vifupi vya sekunde chache, na kila kipande huandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora. Programu iliyo kwenye kifaa chako hupima kasi ya vipande vilivyotangulia, kisha huamua kipande kijacho kiwe cha ubora gani, huku ikijiwekea akiba ya sekunde kadhaa mbele ya pale unapotazama. Kwa hiyo picha inapofifia na kuwa na ukungu kwa muda, kisha ikang'aa tena, mfumo haujaharibika. Unafanya kazi yake ya kukwepa kusimama. Kiduara hutokea pale akiba inapokwisha kabisa, yaani hata kipande cha ubora wa chini kimeshindwa kufika kwa wakati.

Dalili ambayo watu huichanganya sana na kiduara ni mruko. Picha inaenda kwa kukatakata, midomo haifuatani na maneno, lakini hakuna kiduara na sauti haikatiki. Hapo mtandao umekwisha kufanya kazi yake na kifaa ndicho kinachoshindwa kuifumbua video kwa kasi inayotakiwa. Ukiwa na YouTube unaweza kuthibitisha hilo kwa kufungua takwimu za kitaalamu zilizomo kwenye menyu ya video, ambako utaona sekunde zilizo kwenye akiba na idadi ya fremu zilizoachwa, yaani picha moja moja za video ambazo kifaa kimeziruka. Akiba ikiwa imejaa huku fremu zinazoachwa zikiongezeka, acha kuigusa ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani.

Kuhusu kasi yenyewe, wengi wetu tunalipia zaidi ya tunachohitaji kwa televisheni moja. Netflix, kwa mfano, inapendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa ubora wa picha wa 720p, megabiti 5 kwa 1080p ulio juu zaidi, na megabiti 15 kwa 4K ulio juu kuliko yote hiyo. Zingatia kwamba hizo ni megabiti na si megabaiti. Baiti moja ina biti 8, hivyo programu ya kupakua mafaili inayoonyesha megabaiti 2 kwa sekunde inakupa takribani megabiti 16, ambazo zinatosha. Jambo la maana zaidi ni mahali na wakati wa kupima. Kipimo cha simu ukiwa kando ya ruta saa nne asubuhi hakikuelezi lolote kuhusu televisheni iliyo chumba cha tatu saa mbili usiku. Pima kwenye kifaa chenyewe, wakati tatizo likiwa linatokea. Kama kifaa kina kivinjari, fungua fast.com, na kama hakina, programu nyingi za video zina kipimo chao cha mtandao ndani ya mipangilio. Kisha upime tena kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya. Namba ya waya ikiwa nzuri na ya televisheni ikiwa mbaya, kampuni ya intaneti haina kosa, hata kama inakuuma kulikubali hilo, kama lilivyoniuma mimi.

Kasoro ya Wi-Fi ndiyo niliyokutana nayo mara nyingi zaidi, katika nyumba yangu na katika nyumba za jamaa wanaoniita kila televisheni yao inapogoma. Ruta nyingi hutoa masafa mawili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri na kufika mbali, lakini yamejaa msongamano: majirani wako humo, vifaa vya Bluetooth viko humo, na jiko la maikrowevu nalo hufanya kazi katika masafa hayo hayo, ndiyo maana filamu inaweza kukwama kila mtu anapopasha chakula. Yale ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na kasi zaidi, ila huchoka mapema yakikutana na kuta. Televisheni ikiwa chumba kimoja na ruta, itumie gigahezi 5 bila kusita. Ikiwa mbali na huna budi kutumia 2.4, ingia kwenye mipangilio ya ruta na uchague chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Nami ningeanza na jambo rahisi kuliko yote hayo, nalo ni kuitoa ruta sakafuni, nyuma ya kabati au kando ya friji, na kuiweka juu mahali palipo wazi. Nimeona watu wakinunua vifaa vya kurudufu mawimbi ilhali ruta yenyewe imefichwa ndani ya kabati la mbao lenye vyombo vya chuma, kwa sababu eti haipendezi machoni.

Waya bado ndio mfalme. Televisheni nyingi zina tundu la waya wa mtandao lisilozidi megabiti 100 kwa sekunde, na wapo wanaolidharau kwa kuwa Wi-Fi yao huonyesha namba kubwa kuliko hiyo. Video haihitaji namba kubwa bali inahitaji namba isiyoyumba, na megabiti 100 za uhakika ni zaidi ya mara sita ya zile 15 za 4K.

Kuna chanzo kingine ambacho kilinichukua muda mrefu kukigundua, kwa sababu hakionekani kwenye kipimo cha mchana. Kila usiku, simu zote za nyumbani zilipochomekwa chaja, zilianza kupakia picha na video za siku hiyo kwenye hifadhi ya mtandaoni. Laini nyingi za nyumbani zina kasi ndogo sana ya kupakia ikilinganishwa na ya kupakua, na njia hiyo nyembamba inapojaa, ruta hupanga foleni ndefu. Kifaa kinachopokea video nacho hulazimika kurudisha taarifa fupi kwamba vipande vimefika, na taarifa hizo hukwama kwenye foleni ile ile, hivyo seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotuma video, hupunguza mwendo ikidhani kwamba njia imeziba. Niliahirisha upakiaji hadi saa nane usiku, na ruta ilipokuja kubadilishwa nikachagua yenye uwezo wa kuipa televisheni kipaumbele.

Tukirudi kwenye kifaa, ushauri wa kuzima na kuwasha unafanyiwa dhihaka lakini una mantiki, isipokuwa wengi hawazimi kweli. Kitufe cha rimoti huilaza tu televisheni. Kumbukumbu yake hubaki na takataka zote za wiki nzima. Chomoa waya kwenye soketi, subiri dakika moja au mbili, kisha uchomeke. Baada ya hapo angalia nafasi ya hifadhi, kwa kuwa televisheni na vidubwasha vingi vina gigabaiti 8 tu za ndani, ambazo hujaa haraka kwa programu ambazo hakuna anayezifungua. Futa hizo, kisha futa data za muda za programu inayosumbua. Kuiondoa na kuisakinisha upya huja baada ya hapo, na kurejesha kifaa katika hali ya kiwandani ni hatua ya mwisho kabisa, maana utalazimika kuandika nywila zote upya kwa rimoti, adhabu ambayo simtakii mtu.

Umeme nao usiupuuze. Tundu la kawaida la USB 2.0 limekusudiwa kutoa miliampea 500, na kidubwasha cha kisasa kinachocheza video nzito huweza kuhitaji zaidi. Matokeo yake ni kifaa kinachojizima na kujiwasha, au kinachopunguza kasi bila kukuambia. Joto hufanya vivyo hivyo. Ukikigusa kifaa baada ya saa moja ya filamu ukaondoa mkono haraka, kitafutie hewa.

Umri wa kifaa una mipaka ambayo hakuna mpangilio utakaoivuka. Video hufungwa kwa mbinu zinazoitwa kodeki. H.264 ya mwaka 2003 husomwa na karibu kila kitu, HEVC na VP9 zilikuja mwaka 2013, na AV1 mwaka 2018. Kifaa kisicho na chipu inayoijua kodeki mpya, kikilazimishwa kuifumbua kwa nguvu ya prosesa peke yake, ndicho hasa huleta ile mruko niliyoieleza. Kushusha ubora kutoka 1080p hadi 720p mara nyingi hukipumzisha, na ningefanya hivyo kabla ya kufikiria kununua kingine.

Siku moja niliitwa na mama yangu kwa sababu televisheni yake ilikataa kufungua huduma yoyote ya video, ilhali Wi-Fi ilionyesha kuwa imeunganishwa. Nilipofungua mipangilio nikakuta saa yake imerudi nyuma miaka kadhaa baada ya umeme kukatika. Mawasiliano salama ya intaneti hutegemea vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kifaa chenye tarehe mbaya huviona vyeti halali kuwa batili. Nilirekebisha saa na kila kitu kikafunguka. Kinyume chake kipo pia: tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi kupitia Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti hivyo, kilifikia mwisho, na vifaa vya zamani ambavyo havikuwa vimesasishwa vikaanza kukataa kuunganishwa ingawa saa zao zilikuwa sahihi. Basi sasisha programu ya mfumo wa televisheni pale unapoweza, na angalia saa kabla ya jambo lingine lolote ukiona ujumbe wa hitilafu hata kabla video haijaanza.

Skrini ikiwa nyeusi huku sauti ikisikika, shuku kebo ya HDMI na ulinzi wa hakimiliki uitwao HDCP. Maudhui ya 4K kwa kawaida hudai toleo la 2.2 katika kila kifaa kilicho kati ya chanzo na skrini, kwa hiyo kigawanyaji kimoja cha HDMI cha zamani, au tundu moja la televisheni lisilo na toleo hilo, hutosha kuficha picha. Unganisha moja kwa moja bila kitu katikati, jaribu tundu jingine, kisha kebo nyingine. Ikiwa picha ipo lakini haipandi zaidi ya 480p hata kasi ikiwa nzuri, huenda kifaa chako kina kiwango cha chini cha Widevine, mfumo mwingine wa kulinda video zisinakiliwe, na hapo hakuna marekebisho zaidi ya kutumia kifaa kingine.

Sauti inayochelewa hutokana mara nyingi na spika za Bluetooth. Tumia waya, au rekebisha ucheleweshaji kwenye mipangilio ya sauti. Kuhusu VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali, izime kwanza unapopima. Kubadilisha DNS, huduma inayotafuta anwani za tovuti, kuwa 1.1.1.1 au 8.8.8.8 husaidia pale programu inapochelewa kufunguka au inapodai hakuna intaneti, lakini haiongezi kasi ya laini, hata kama kuna wanaoisifia kama kikombe cha babu.

Nikishayapitia yote haya ndipo hupiga simu kwa kampuni ya intaneti, na siku hizi sipigi mikono mitupu. Kwa siku kadhaa huandika saa, kasi niliyopima kwa waya, na iwapo taa ya intaneti kwenye ruta ilizima au ilibadilika rangi. Safari ya mwisho daftari langu lilionyesha kwamba kasi hushuka chini ya megabiti 2 kila mvua inaponyesha, iwe asubuhi au usiku. Mhudumu aliyekuwa ameanza kunisomea maelekezo ya kuzima na kuwasha ruta alinyamaza, akaniomba nimtajie tarehe. Fundi alifika siku ya pili yake, akafungua kisanduku cha nje, akakuta maji yameingia kwenye kiunganishi, akakikata na kufunga kipya.