Ganzi ya Shingoni na Kidonge Nilichokisahau

Bati la geji 28 likipata upepo halina rafiki. Lilinichomoka juu ya paa kule Bweyogerere nikiwa nimelishika huku na huku, likapasua viganja vyote viwili. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikagoma kukunjika: kano zilikuwa zimekatika.

Nilitegemea nusu kaputi, lakini nilikuwa nimekula katogo ya kushiba asubuhi ile, ndizi za kupika na utumbo, na mtaalamu wa ganzi hakuipenda habari hiyo: nusu kaputi haitaki tumbo lililojaa. Ungekuwa mkono mmoja, alisema, angechoma kwapani, yakaisha. Kwa miwili siku moja dawa ingezidi. Akachagua epidurali: mpira mwembamba unaopitishwa pale shingo inapokutana na mgongo, ukaishia nje ya utando unaofunika uti wa mgongo.

"Mzee, kuna dawa unayotumia?"

"Hakuna."

Sikukusudia kudanganya. Atenololi ya presha nilikuwa nikiimeza mwaka wa tano, kila asubuhi na chai, na kwangu haikuwa dawa tena. Dawa ni ya malaria.

Ganzi ilianza kwa utamu. Viganja vilipata joto, mishipa ya mikono ikatuna kama ya mbeba saruji. Pua ikaziba, kope zikawa nzito. Halafu kichefuchefu, na mlio wa mashine, ti, ti, ukaanza kukawia. Nikanyamaza. Mwanamume mzima, fundi wa mapaa, nilie kichefuchefu? Mapigo yalifika 42, presha 80 kwa 45. Miguu ikainuliwa, dripu ikafunguliwa, ikaingia atropini ya kuharakisha moyo, kisha efedrini ya kupandisha presha. Mlio ukachangamka.

Baadaye mtaalamu wa ganzi alinieleza. Neva zinazouharakisha moyo hutoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua, jirani kabisa na zile za mikono. Ganzi ikishika za mikono, huteremka ikashika na za moyo. Neva inayoupunguzia moyo kasi hutoka kichwani, nayo haiguswi. Hapo hapo mishipa ya damu hulegea, presha ikashuka. Moyo usio na kasoro kwa kawaida huhimili. Wangu ulikuwa umeshabanwa na atenololi, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo ya kupunguza mapigo. Mke wangu alichomwa epidurali ya kiunoni alipojifungua na mapigo yake hayakutetereka. Yake ilikuwa mbali na neva hizo.

Basi ukienda kupasuliwa, beba pakiti zenyewe, usitegemee kumbukumbu. Mizizi ya presha uliyonunua sokoni itaje pia. Wala usijiachishe dawa kwa akili yako: atenololi ikikatwa ghafla moyo unaweza kwenda mbio, ilhali kuna dawa nyingine za presha ambazo daktari mwenyewe atakuambia uziruke asubuhi hiyo. Mkono ukiwa mmoja, uliza kama ganzi ya mkono tu haitoshi. Mara nyingi inatosha.

Na pale mezani, kichefuchefu, kizunguzungu, pumzi kuwa fupi, sema papo hapo. Kichefuchefu huweza kuwa presha inayoteremka, si katogo.

Kidole cha kati bado hakikunji vizuri, nyundo naishika kwa hila. Pakiti tupu ya atenololi inakaa kwenye pochi, nyuma ya Ndaga Muntu, kitambulisho changu cha taifa.