Baba yako mdogo na ule mpira

Mwanangu, salama? Umeniuliza nimshauri baba yako mdogo akubali kupasuliwa tezi dume au aendelee na vidonge. Sasa mimi niliyeshapasuliwa, kinachonijia sio kisu, kisu unapigwa ganzi tu unashtukia kimeshapita. Ni ule mpira wa mkojo.

Unatoka tieta, chumba cha upasuaji, una mpira wa njia tatu, moja inaingiza maji ya chumvi ya kuosha kibofu, moja inatoa, nyingine ya kujazia puto la ndani mpira usichomoke. Mkojo mwekundu kama juisi ya rozela, mama yako akaanza kulia, nesi akamwambia utafifia na kweli ukafifia. Kazi yenyewe sio kubwa ila ina masharti, unawe kwa sabuni kabla hujagusa, mpira usijikunje wala usivutwe, maji unywe mengi, na mfuko, nimeshasema mpaka mmenichoka, MFUKO UKAE CHINI YA KIBOFU. Sio sakafuni lakini, unaning'inizwa ubavuni mwa kitanda.

Basi akaja mkwe wangu, huyo baba wa mkeo, na ndizi zake na maombi marefu. Kuuona mfuko unaning'inia karibu na viatu akasema mzee mwenzangu hii sio heshima, akaunyanyua akaniwekea kitandani, juu kabisa pembeni ya mto!! Mkojo unarudi nauona kwa macho yangu. Nitamwambia nini mkwe? Nikabaki nakohoa tu namkodolea nesi mpaka akaelewa. Usimwambie mkeo.

Usiku wake mpira ukaziba. Sisemi ni yeye, nesi alisema ni bonge la damu na linaweza kumpata yeyote, ila kweli siku ile ile jamani... haya basi, sio yeye. Tumbo la chini likajaa likawa gumu, nikaita mababu wote kwa majina, nesi akaja na bomba la sindano akasukuma maji ya chumvi akavuta mabonge, mkojo huooo ukashuka. Yule binti nilimwombea mapacha.

Sasa akubali? Tezi yangu ilikuwa kubwa mno ndo maana walipitia tumboni, yake labda vidonge vitamtosha, wapo vinaowatosha kabisa. Ila mtu anaamka usiku kucha na ameshawahi kuziba mkojo mpaka akawekewa mpira, huyo bado anasubiri ni... mh, nanyamaza, mwili ni wake. Akikubali ajue mpira ukitoka atavuja vuja kwa muda, asitishike, na asibebe vizito kama wiki 6, ale papai asijikamue chooni.

Halafu hili mfikishie wewe, mimi kaka yake naona aibu: baada ya operesheni hiyo mbegu mara nyingi zinarudi kwenye kibofu badala ya kutoka. Hazidhuru, zinatoka na mkojo. Ila kama yule mke mdogo bado anataka mtoto, amuulize daktari kabla hajasaini.

Baba yako