Kwa nini mti wako wa utafutaji unakwama

Dada, umeuliza kwa nini mti wa utafutaji ulioandika kwa kozi yako hapo Makerere unaenda polepole ukiingiza namba za wanafunzi. Programu yako haina kosa. Namba zinaingia zikiwa zimeshapangwa kutoka ndogo hadi kubwa, na mti huu huweka ndogo kushoto na kubwa kulia, kwa hiyo kila nodi mpya (kituo cha mti kinachobeba namba moja) inaenda kulia tu, na mti unageuka orodha ndefu. Zikiwa 1,000,000, kuipata ya mwisho ni hatua 1,000,000.

Dawa yake ni mti wa AVL, wa Adelson-Velsky na Landis, 1962: unajisawazisha wenyewe ili pande mbili za kila nodi zisipishane urefu kwa zaidi ya 1. Kwa idadi hiyohiyo hatua hazifiki 30. Chukua karatasi, ingiza 10, 20, 30. Pale kwenye 10 upande wa kulia umezidi kwa 2, basi unazungusha kushoto: 20 inapanda kuwa mzizi (nodi ya juu kabisa), 10 inashuka kushoto, 30 inabaki kulia. Sasa jaribu 10, 30, 20. Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana mzunguko mmoja hautoshi: zungusha kwanza kulia kwenye 30, halafu kushoto kwenye 10. Chora mpaka mkono uzoee.

Ukiandika programu, hesabu upya urefu (ngazi zilizo chini) wa nodi iliyoshuka kabla ya ile iliyopanda, na funksheni ya kuzungusha irudishe mzizi mpya kwa mzazi, yaani nodi iliyo juu yake. Usipourudisha, sehemu ya mti inapotea. Miti ya nodi nyekundu na nyeusi, aina nyingine ya miti inayojisawazisha, iache kwanza. Ukiirukia kabla ya kuelewa mizunguko hii, utateseka bure.