Somo la terminali na skripti: weka daftari la amri pembeni kwanza

Mkuu, umesema uko wiki ya tano ya somo la mstari wa amri, umeshajaza daftari amri zaidi ya sitini, na bado kila zoezi la kuandika skripti (faili la amri zinazoendeshwa kwa mfululizo) linakutoa jasho. Unauliza uongeze kukariri, uwaachie akili mnemba wakuandikie, au uliache somo hadi mwakani. Mimi nilifeli jaribio la kwanza la somo kama hilo. Baadaye nikawa msaidizi wa maabara wa somo lile lile, nikawa naangalia makosa yangu yakirudiwa na wengine wiki baada ya wiki.

Usiliache. Na daftari liweke pembeni. Amri utakazotumia muhula mzima hazizidi ishirini: ls, cd, cp, mv, rm, mkdir, cat, less, grep, cut, sort, uniq, wc, head, tail, find, chmod, echo. Zilizobaki utazisoma kwenye man (mwongozo uliomo ndani ya mfumo wenyewe) siku utakapozihitaji, kama sisi wengine tunavyofanya mpaka leo. Nimeandika skripti miaka mingi na bado nafungua `man find` kila mara.

Nikuonyeshe nilipofelia. Tulipewa faili la majina na alama, tukaambiwa tuchapishe waliopata zaidi ya 50. Nikaandika hivi:

```
while read -r jina alama; do
  if [ $alama > 50 ]; then
    echo "$jina amefaulu"
  fi
done < alama.txt
```

Skripti ikakimbia bila kulalamika. Darasa zima likafaulu, hata mwenye alama 12. Nikaisoma mara kumi, sikuona kosa. Nilipopiga `ls` ndipo nikaona kitu ambacho sikukiumba mimi: faili linaitwa `50`, halina hata baiti moja ndani.

Hilo faili ndilo lilinifundisha sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika. Alama ya `>` kwa sheli haina maana ya "kubwa kuliko". Maana yake ni "matokeo yapeleke kwenye faili lenye jina linalofuata". Kwa hiyo sheli ilifungua faili `50`, ikaiondoa sehemu hiyo kwenye mstari, halafu ikaiita amri ya `[` ikiwa na kitu kimoja tu ndani, mfano `[ 12 ]`. Na `[` ikipewa neno moja lisilo tupu, jibu lake ni kweli. Nilitakiwa kuandika `[ "$alama" -gt 50 ]`, hiyo `-gt` ndiyo "kubwa kuliko".

Umeona nimesema "amri ya `[`"? Sijakosea. Hayo mabano ni amri kama `ls`, kwenye Linux nyingi ukichungulia `/usr/bin` utakuta faili linaloitwa `[`. Ndiyo maana lazima uache nafasi baada yake, kama unavyoacha nafasi baada ya `ls`. Na `if` yenyewe haijui hesabu wala kulinganisha. Inaendesha amri, inatazama namba amri iliyoaga nayo: 0 ni salama, nyingine yoyote ni kasoro. Ukilielewa hili utaweza kuandika `if grep -q kosa kumbukumbu.log; then` bila mabano yoyote, na utaacha kushangaa kwa nini sifuri huku ni "ndiyo" wakati kwenye lugha ya C ni "hapana".

Sasa jambo lenyewe ninalotaka ulishike. Ukibonyeza Enter, mstari wako hauendi moja kwa moja kwa programu. Sheli inaupokea kwanza. Inabadilisha vigeu vyenye alama ya dola kuwa thamani zake, inakata thamani hizo vipande pale penye nafasi, inageuza nyota kuwa majina ya mafaili, inapanga matokeo yaende wapi, ndipo inaiita programu na kuikabidhi kilichobaki. `rm` haijawahi kuiona nyota uliyoandika. Inaona orodha ya majina tu.

Jaribu hili. Andika `sort majina.txt > majina.txt`. Kabla hujabonyeza, tabiri kitakachotokea. (Fanya kwa nakala, tafadhali.) Wengi wanategemea faili lililopangwa kwa herufi, wanapata faili tupu. Sheli inafungua faili la matokeo na kulifuta lililomo kabla `sort` haijaamka, kwa hiyo `sort` inakuta ukurasa mweupe, inaupanga vizuri sana, inamaliza. Dawa ni `sort -o majina.txt majina.txt`, kwa sababu hapo `sort` yenyewe ndiyo inayoandika, tena baada ya kumaliza kusoma.

Kisa cha pili kiliniuma zaidi. Folda langu lilikuwa na `data.txt`, kazi ya siku tatu, pamoja na faili nililolipa jina `nakala ya data.txt`. Nikataka kufuta nakala tu:

```
for f in nakala*; do rm $f; done
```

`rm` ikalalamika kwamba haioni faili `nakala`. Ikalalamika tena kwamba haioni faili `ya`. Halafu ikanyamaza. Mimi nikadhani imeshindwa kabisa, nikaanza kutafuta kosa kwenye kitanzi. Kumbe kunyamaza ndiko kufanikiwa: neno la tatu lilikuwa `data.txt`. Kwenye ulimwengu wa Unix (familia ya mifumo kama Linux na Mac) amri iliyofanikiwa haisemi kitu, na `rm` haina kapu la taka. Alama mbili za kunukuu, `rm "$f"`, zingeniokoa siku tatu. Tangu hapo kila kitanzi chenye `rm` nakiendesha kwanza kikiwa na `echo rm`, nisome itakachofanya, ndipo niitoe `echo`. Lakini angalia hapa pia: `echo` haionyeshi mipaka ya maneno, `nakala ya data.txt` itaonekana sawa ikiwa ni jina moja au matatu. Tumia `printf '[%s]\n' $f`, kila kipande kitakuja na mabano yake, hapo hutadanganyika.

Kama unatumia Mac, kisa hicho hakitakutokea ukijaribu kwenye terminali, na hapo ndipo mtego ulipo. Tangu 2019 terminali ya Mac inakuja na zsh, aina nyingine ya sheli, na zsh kwa kawaida haikati thamani ya kigeu penye nafasi. Kwako inakubali, ukiipeleka kwenye seva ya kusahihishia yenye Bash (sheli ya kawaida kwenye Linux nyingi) inavunjika. Isitoshe, Bash inayokuja na Mac ni ya zamani, 3.2, kwa hiyo `declare -A` unayofundishwa darasani (ya orodha zenye funguo za maneno) itakataa. Pima kazi yako kwenye mashine ile ile itakayosahihisha. Kwa Windows tumia WSL, yaani Linux inayokimbia ndani ya Windows.

Kwa Windows kuna na lile lingine, la skripti inayokataa ikitaja `/bin/bash^M`. Kihariri chako kimemaliza kila mstari kwa herufi mbili, CR na LF, Unix inataka LF peke yake. `cat -A zoezi.sh` itakuonyesha, `sed -i 's/\r$//' zoezi.sh` itasafisha. Nimeona mtu anakesha juu ya hili.

Kuhusu mabomba, yaani alama ya `|` inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye amri inayofuata, ambayo naona ndiyo inakutisha. Yaliingia Unix mwaka 1973 kutokana na wazo la Doug McIlroy wa Bell Labs, ilikozaliwa Unix, na mpaka leo sijaona kitu kizuri zaidi kwenye terminali. Usijaribu kuandika bomba refu kwa pumzi moja. Tuseme unataka anwani zilizoitembelea seva mara nyingi zaidi. Anza na `head kumbukumbu.log`, tazama faili lina sura gani. Kisha `cut -d' ' -f1 kumbukumbu.log | head`, uone kama kweli umepata anwani. Ongeza `uniq -c` na utaona kitu cha ajabu: anwani ile ile inajirudia mara nyingi kwenye orodha. Ni kwa sababu `uniq` inalinganisha mstari na jirani yake tu, haikumbuki ya juzi. Ndipo utajua kwa nini watu huweka `sort` kabla yake:

```
cut -d' ' -f1 kumbukumbu.log | sort | uniq -c | sort -rn | head
```

Ungekariri mstari huo ungeusahau kesho. Ukiujenga kipande kwa kipande, hata mtihani ukikupa faili lenye mkato badala ya nafasi utajua pa kugusa.

Swali ambalo wahadhiri wanalipenda: kwa nini skripti yenye `cd` ndani yake, ikimaliza, inakuacha pale pale ulipokuwa? Kwa sababu skripti inaendeshwa na sheli mtoto, na mtoto akihama chumba mzazi hahami. Ndiyo sababu pia `cd` imejengwa ndani ya sheli yenyewe. Ingekuwa programu ya pembeni isingeweza kukuhamisha. Ukitaka ihame kweli, iite kwa `source`.

Akili mnemba: sikukatazi, nami natumia. Ila mpangilio ni muhimu. Andika yako kwanza hata kama ni mbovu, ipitishe ShellCheck, programu ya kukagua makosa ya skripti (ile `rm $f` yangu ingeikamata papo hapo, kwa namba SC2086), iendeshe kwa `bash -x` uone kila mstari ulivyobaki baada ya sheli kuushughulikia. Ukishindwa bado, hapo omba maelezo. Ukiomba jibu kabla ya hapo utapata skripti safi usiyoweza kuitetea mbele ya msahihishaji, na kwenye maabara niliyosaidia tulikuwa tunamwambia mtu afute mstari mmoja na atueleze nini kitaharibika. Wengi walikuwa wanaishia hapo.

Na ulilouliza mwishoni, jinsi ya kutoka kwenye kihariri cha vim: Esc, halafu `:q!` kuacha bila kuhifadhi, `:wq` ukitaka kuhifadhi. Tumia nano, kihariri rahisi zaidi, muhula huu, hakuna atakayekucheka. Zoezi lako la wiki hii likikukwamisha, bandika hapa skripti nzima na ujumbe wa kosa kama maandishi, usiweke picha ya skrini.