Bima ya dawa kwa wazee wa Marekani: pengo lilitoka wapi?

SWALI: Mhariri, ninaishi Minnesota, Marekani, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani. Bibi ninayemtunza hunisimulia kwamba miaka ya nyuma, ingawa alikuwa na bima ya dawa ya serikali, kila ulipofika mwezi wa nane alianza kuvikata vidonge vyake vya presha nusu nusu ili vimfikishe Desemba. Iweje mpango wa kuwasaidia wazee uwafikishe hapo?

JIBU: Ndugu msomaji, bibi huyo hatii chumvi. Sheria iliyoongeza bima ya dawa katika Medicare, mfuko wa afya unaowahudumia hasa wenye miaka 65 na zaidi, ilitiwa saini na Rais George W. Bush Desemba 2003, na huduma ikaanza Januari 2006 kupitia mipango inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima. Bunge lilikuwa limejiwekea ukomo wa dola bilioni 400 kwa miaka 10, fedha ambazo hazikutosha kumlipia kila mzee mwaka mzima, na sheria hiyohiyo iliikataza serikali kujadiliana bei na watengenezaji wa dawa. Basi likaachwa pengo katikati. Mwaka 2006, katika mpango wa kawaida, mzee alilipa dola 250 za mwanzo, kisha robo ya gharama hadi dawa zake zilipofikia jumla ya dola 2,250, na kutoka hapo hadi dola 5,100 alilipa kila senti mwenyewe, huku mchango wa bima wa kila mwezi ukiendelea kudaiwa. Mwenye kisukari na presha kwa pamoja, aliyeihitaji bima kuliko wote, ndiye aliyetumbukia mapema.

Kuliziba pengo nako kulizaa tatizo. Kuanzia 2011 watengenezaji walitakiwa kupunguza nusu ya bei ya dawa zenye majina ya kibiashara kwa mzee aliyemo katika pengo, na punguzo hilo likahesabiwa kana kwamba limetoka mfukoni mwake, hivyo akavuka haraka. Ng'ambo ya pengo serikali ilibeba asilimia 80 ya gharama na kampuni ya bima 15 tu. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa zito kuliko pengo lenyewe, kwa sababu kampuni ya bima, yenye uwezo wa kubishania bei, iliondolewa sababu ya kufanya hivyo.

Sheria ya 2022 iliugeuza mzigo: tangu 2025 mzee halipi zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka (2,100 mwaka 2026), na baada ya kiwango hicho kampuni ya bima hubeba asilimia 60. Baadhi ya kampuni zimejibu kwa kupunguza mipango yao, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ili michango isipande ghafla.

Ukomo huo wa malipo ya mzee hauhusu dawa isiyo katika orodha ya mpango wake. Kati ya 15 Oktoba na 7 Desemba, muda wa kubadilisha mpango, kaa naye mlinganishe orodha ya mwaka unaofuata na chupa zake, dawa moja baada ya nyingine.