NITRASI KWENYE HILUX YANGU YA MIZIGO, INAWEZEKANA?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hilux pikapu ya petroli injini 2TR, nashusha viazi Dar narudi Iringa na vifaa vya ujenzi. Tangu nifunge matairi makubwa gari imekuwa nzito sana, mlima Kitonga napanda na gia ya pili mpaka juu. Kuna kijana ananiambia anifungie mtungi wa nitrasi, ile gesi ya kuongezea injini nguvu, eti nikibonyeza swichi tu mlima unaisha. Nifunge?
Msomaji, Iringa

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwa kazi yako hiyo usifunge, na nakueleza kwa nini.

Nitrasi yenyewe haiungui. Ni gesi yenye oksijeni nyingi, kama asilimia 36 ya uzito wake wakati hewa ya kawaida ni 23 tu, ikiingia kwenye silinda na kupata joto la kama nyuzi 300 inaachia hiyo oksijeni, sasa hapo ndo injini inadai petroli ya ziada, na isipopewa, moto unakuwa mkali kupita kiasi, injini inaanza kugonga na pistoni inayeyuka. Yani wanaonoki injini kwa nitrasi wengi wanaponzwa na upungufu wa petroli, pampu imechoka au nozeli zimeziba.

Halafu ile kitu ni ya sekunde. Mtungi wa kilo 4.5, hata ukiongeza 50 hp tu, ukishikilia mfululizo ni dakika chache umekwisha. Kitonga unapanda dakika ngapi na mzigo, mguu chini, injini tayari ina joto? Hapo ndo mahali pabaya kabisa pa kuiwasha. Na mtungi ukikaa juani huko Mikumi presha yake inapanda, gesi inaingia nyingi kuliko petroli iliyopangiwa, balaa lilelile.

Anayefungia gari ya mashindano sawa, ila afunge mfumo unaopuliza gesi na petroli pamoja, aanze na 50 hp au chini, plagi za baridi zaidi (zinazotoa joto haraka), taimingi ya cheche irudishwe nyuma kama nyuzi 2, na swichi iwake pale tu akseleta ipo chini kabisa na mzunguko wa injini umepita 3000 kwa dakika. Akishakimbia afungue plagi aangalie ile kaure nyeupe, akiona vidoti vinavyong'aa kama fedha basi hiyo ni aluminiamu ya pistoni, azime palepale asiongeze hata mita moja.

Sasa shida yako umeitaja mwenyewe kwenye swali: matairi. Tairi kubwa inarefusha gia zote, 2TR ikiwa mpya ina kama 160 hp na nguvu yake haipo kwenye mzunguko wa chini, inataka izunguke, wewe umeinyima mzunguko. Rudisha saizi ya kiwandani kwanza, au kama unazipenda hizo kubwa tafuta difu yenye uwiano mfupi zaidi. Pima kompresheni (mgandamizo) silinda zote nne, pima presha ya pampu ya mafuta, safisha nozeli, badili filta ya hewa maana vumbi la mashambani huko linaziba haraka mno. Hela ya mtungi itatosha sehemu kubwa ya hayo. Ukishafanya upande tena Kitonga na mzigo uleule, kisha niandikie vipimo vya kompresheni vilivyotoka, kama kuna silinda iko chini tutajua tuanzie wapi.