Subaru Forester ya tabo, ninunue au niache?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Makorora hapa Tanga, nimepata Forester ya tabo ya 2005, cc 2000, otomatiki, mwenyewe yupo Raskazone anasema kaitunza na kwa macho kweli gari ni safi, hata viti havijachanika. Shida kila ninayemwambia ananitisha, huyu anasema hizo injini zinakufa bila taarifa, yule anasema hedi gasketi, ile inayoziba juu ya silinda, inaungua, mwingine eti zinakunywa oili. Wazazi wangu wako Lushoto na huwa napanda kule kila mwezi na familia, sasa nikifikiria zile kona za Mombo kwenda Soni gari lizimike na watoto ndani roho inaniruka. Gari naipenda, sifichi. Nichukue au nitafute gari ya kawaida tu? *Mwenye wasiwasi, Makorora.*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuogopa una haki, ila hao wanaokutisha wanachanganya injini mbili. Subaru yenye jina baya la hedi gasketi ni ile ya lita 2.5 isiyo na tabo, yaani ile pampu ya kusukuma hewa nyingi kwenye injini. Hiyo yako ni injini ya lita 2 inayoitwa EJ20, ya tabo, nayo ugonjwa wake mkubwa ni oili, tena nakuomba hapa usome taratibu.

Injini hiyo silinda zake nne zimelala, mbili kulia mbili kushoto, inachukua oili kama lita nne na kidogo tu, na oili hiyo hiyo ndio inayolainisha beringi za rodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti ya injini, na ndio inayoenda kwenye tabo ambayo ukikanyaga inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Sasa oili ikipungua lita moja mwenyewe hajui, anaendelea kukanyaga tu, beringi zinaanza kuliwa. Na ile taa nyekundu ya oili watu wengi hawaielewi, haiwaki kwa sababu oili imepungua, inawaka presha ikishaondoka, na hapo mara nyingi umeshachelewa. Kwa hiyo huyo anayesema zinakufa bila taarifa, taarifa ilikuwepo siku zote kwenye stiki ya oili, hakuna aliyeichomoa kuangalia.

Nenda Raskazone asubuhi na umwambie mapema jamaa asiwashe gari. Ukifika shika boneti kwanza, ikiwa ya moto basi ameiwasha kuficha kitu, rudi siku nyingine. Chomoa stiki uangalie. Kisha awashe yeye, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu kidogo unaopotea haraka usikushtue sana, silinda zikilala usiku kucha hutokea, ila moshi wa bluu unaorudi kila akikanyaga hiyo ni tabo au ringi za pistoni. Sikiliza na mlio wa kugonga, mlio mwepesi unaoisha injini ikipata moto unaweza kuishi nao, lakini mlio mzito wa chini unaozidi jinsi injini inavyopata moto, huo ni beringi ya rodi, shukuru muuzaji na uondoke, usikae hata kubishana bei.

Baada ya hapo mlipe fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, silinda zote nne. Najua plagi zake zinasumbua kufikia kwa pembeni na fundi atanung'unika, mlipe tu. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, acha. Muuzaji akikataa kupimwa, acha pia.

Kitu kingine ambacho watu hawafanyi, mwombe mbadilishe oili kwa hela yako halafu filta ya zamani uichukue. Ikate kwa mkasi wa bati, usitumie grainda wala msumeno maana vyuma vyake vitaingia mle na utadanganyika. Toa ile karatasi ya ndani, ikunjue juani juu ya kitambaa cheupe. Ikiwa nyeusi tu, sawa. Ukiona vichembe vinavyong'aa kama pambo la kucha, hizo ni beringi zinaondoka, na hakuna bei nzuri ya gari hiyo.

Mkanda wa taiming unabadilishwa kwenye kilomita 100,000, ukikatika valvu zinagonga pistoni na injini imekwisha. Akikwambia alibadilisha bila risiti, hesabu hajabadilisha. Na kilomita za kwenye dashbodi usiziamini peke yake, muulize kama ana karatasi ya mnada ya Japani, mle kilomita zimeandikwa pamoja na gredi, ukiona R ujue iliwahi kupata ajali ikatengenezwa.

Halafu maji. Hapa kwetu pwani fundi akiona gari inachemsha anatoa temostati, kile kidude kinachodhibiti maji ya kupoza injini, anatupa, anajaza maji ya kisima yenye chumvi, mteja anafurahi. Fungua rejeta gari ikiwa baridi, ukikuta maji ya kutu badala ya kulanti, ile dawa maalumu ya kupoza injini, uliza kwanini. Temostati irudishwe. Kisha iendeshe mpaka Muheza na kurudi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mshale wa joto usitikisike.

Vyote hivyo vikipita, mimi ningeichukua, na ningebakisha hela ya mkanda, pampu ya maji na oili nzuri kabla ya kufikiria rimu. Oili badilisha kila kilomita 5,000, stiki angalia kila unapojaza mafuta, pale gari limesimama sawasawa. Mombo kupanda Soni usiikandamize ikiwa bado baridi, na ukifika juu iache ikae sailensa, yaani ingurume bila kukanyagwa, dakika moja mbili kabla ya kuzima, tabo ipoe. Ikishindwa hata kipimo kimoja cha hivyo vikubwa, kompresheni, filta au mlio wa rodi, tafuta isiyo na tabo, Lushoto utafika vizuri tu.

SWALI: Fundi, Impreza yangu ya tabo nimeweka ekzosi mpya na ule mlio wa Subaru umepotea, injini inaumwa? *Pangani.*

JIBU: Haiumwi. Ule mlio unatokana na mabomba ya ekzosi yanayotoka kwenye silinda kutolingana urefu, na inaelekea uliyoweka wewe yanalingana. Ila kama walibadilisha na njia ya kuingiza hewa bila kurekebisha programu ya injini, hapo una kazi, peleka ipimwe mchanganyiko wa hewa na mafuta wiki hii, na mpaka hapo usiikanyage.